Msumeno Nilioununua Baada Yako

Vuai,

Nimenunua msumeno wa meza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya kujua hali yangu, kabla hata ya kuitikia salamu. Ni wa chuma kizito, nimeutoa Bwejuu, na unakwenda sawa. Ukipasua ubao, upana wa mwanzo ndio upana wa mwisho. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja tulikuwa tukiutaja msumeno wa namna hii kama wengine wanavyoitaja Hija, jambo la siku Mungu akijaalia. Sasa upo. Umesimama palepale uliposimama ule wetu, naufuta vumbi kila asubuhi, na sina raha nao hata kidogo.

Najua unacheka. Pandu kanunua msumeno! Mimi niliyekuwa nikitoka nje kila ukiwasha mota, nikijidai nakwenda kutafuta kahawa. Wewe ulipasua, mimi nilichora na kuchonga. Hivyo ndivyo tulivyogawana tangu siku ya kwanza hapa Mkunazini, na sikuona haja ya kuujua upande wako. Mtumbatu na Mmakunduchi katika karakana moja, watu walisema mwaka hautaisha. Tulizeeka humo, wewe ukiniambia sisi watu wa Makunduchi hatujui kusema jambo mpaka tushike mgomba mkononi tupigane, nami nikikwambia nyinyi Watumbatu hata salamu mnazificha.

Watu wa mtaani wameuona msumeno ukiingia na wamefurahi. Wanadhani karakana inaendelea. Wananishika mkono barazani, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, fundi," nami naitika naam, naam. Siwezi kuwaambia kwamba koleo halikuvunjika. Koleo lipo zima kabisa, aliyekufa ni mhunzi. Nikisema hivyo watanionea huruma, na huruma yao imeshanichosha.

Kuna jambo sikukwambia, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Nitalisema kwa utaratibu, maana nikilisema ghafla nitakimbia nisilimalize.

Siku uliyokufa mimi nilikuwa karakana mapema, ile Jumamosi. Nilikuwa nataka kumaliza ua la mwisho kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa yule mteja wetu wa Bububu, jirani yako, yule uliyesema anapenda nakshi kuliko mkewe. Simu ikalia. Ilikuwa Haji, mwanao mkubwa. Akasema, "Ami Pandu, baba hatunaye." Ulianguka baada ya sala ya alfajiri, presha, hata hospitali hamkufika. Nikakaa juu ya gogo. Akaniambia maziko ni baada ya adhuhuri, kulekule Bububu. Halafu nikamsikia anavuta pumzi, akasema, "Na viunza, ami."

Wewe ndiye uliyeiweka kanuni ile. Akifa mtu yeyote wa mtaa wetu au wa jamaa zetu, mbao za kumfunikia ndani ya kaburi zilitoka kwetu, na zilitoka kwa ajili ya Mungu. Kazi yoyote iliyokuwa mezani ilisimama, hata iwe ya hoteli yenye haraka zake. Na viunza ulikata wewe peke yako. Ulivaa kofia, ulipiga bismillahi, hukuzungumza na mtu mpaka umemaliza. Mimi hukuniachia hata kimoja. Ulikuwa ukiniambia, "Wewe fundi wa maua. Maiti hataki maua, anataka mbao zikutane."

Basi siku ile hakukuwa na mwingine. Mzee Kombo, mchimba kaburi, alituma kijiti cha urefu kwa mtu wa bodaboda, na agizo: mbao nane, upana wa shubiri moja kila moja. Nikateremsha zile mbao nyepesi zilizokuwa zimeegemea ukuta wa nyuma. Nikawasha msumeno wetu.

Unaujua kuliko mimi, lakini acha niutaje. Mota ya pampu ya maji. Meza ya ubao wa msaji tuliouokota kwenye nyumba iliyoanguka, mkaisawazisha wewe na randa yako siku tatu. Na kile chuma cha pembeni ambacho ubao unakiegemea unapoingia kwenye diski, tukakiita imamu, kwa sababu ubao unamfuata yeye, na akipotoka yeye basi jamaa yote imepotoka. Nati ya nyuma ya yule imamu ilikuwa imelika zamani. Kila kabla ya kupasua ulimgonga nyuma kwa nyundo ya mti, mara mbili, ko, ko, halafu ukamkaza. Miaka yote nilisikia ile ko, ko. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyogonga sigara kabla ya kuiwasha. Uliwahi kuniambia, "Ukija kuutumia, gonga nyuma mara mbili." Nikakujibu sitakuja kuutumia, wewe upo.

Sikugonga, Vuai. Nilishika kile kijiti chako cha kusukumia, kile chenye kandambili iliyopigiliwa chini, mkono wangu ukawa mahali pa mkono wako, na macho yakajaa maji. Nikapasua mbao nane nikiona nusu ya ninachokifanya. Nikazifunga kwa kamba. Fundi yeyote, hata yule wa kutengeneza vibao vya kukalia mbuzi ya nazi, huzilaza mbao zake chini pamoja aone zinakutana vipi. Sikuzilaza. Nilikuwa nataka kufika Bububu nikuone kabla hawajakufunga sanda.

Nilikuona. Walikuwa wameshakufunga, lakini uso walikuwa hawajafunika. Ulikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Waliokuosha ni watu makini, sijui ulibakije, lakini niliuona, au nataka kuamini niliuona.

Makaburini niliwaachia ndugu zako washuke, ni haki yao. Haji alishuka, na binamu zako wawili waliovuka kutoka Tumbatu na kuja kwa gari kutoka Mkokotoni, mmoja wao fundi wa vyombo vya baharini, wenye mikono kama makasia. Mimi nilisimama juu, upande wa kichwa chako. Wakakulaza kwenye mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, ubavu wa kulia, wakakufungua uso, shavu likakaa juu ya udongo. Mzee Kombo akaanza kuwapa viunza kimoja kimoja.

Cha kwanza kikakaa. Cha pili. Kufika cha tatu nikaona.

Kila ubao ulikuwa na upana wa shubiri upande mmoja na upande wa pili umepungua kama kidole. Imamu alikuwa amepotoka, na jamaa yote ikamfuata. Na kwa kuwa nilizifunga zote zikiwa zimetazama upande mmoja, walizilaza zote zikiwa zimetazama upande mmoja. Upande mpana zilikutana. Upande mwembamba, kati ya kila ubao na mwenziwe, palibaki pengo.

Sasa sikiliza, maana wewe peke yako ndiye utakayeelewa ukubwa wa jambo hili. Dawa yake ilikuwa neno moja. Geuzeni. Mmoja kichwa huku, mmoja kichwa kule, wembamba wa huyu ukae na upana wa yule, na mbao zote nane zingekutana kama meno. Haikuhitaji msumeno wala randa wala nyundo. Ilihitaji mtu aliyesimama juu ya kaburi aseme geuzeni, na mtu huyo alikuwa mimi. Nililiona neno lenyewe, lilikuwa mdomoni, nililihisi kwenye ulimi. Sikulisema.

Niliona aibu. Ndiyo hivyo, sina la kulipamba. Umati wote ule wa Bububu, na Watumbatu wako, na yule binamu fundi, na mimi Mmakunduchi, fundi wa maua, niliyekata mbao za rafiki yangu zikaenda upande. Nikaona nikisema geuzeni watainua macho wote wanitazame. Nikaona wataulizana nani kazikata. Nikafikiria utani. Juu ya kaburi lako, Vuai, nilifikiria utani watakaonifanyia. Nikatazama miguu yangu mpaka ubao wa nane ukakaa.

Mzee Kombo ni mtu mzima, kashafunika wengi. Alichukua udongo mbichi na majani akaziba, akasema, "Hakuna neno, hakuna neno." Akaziba vizuri isipokuwa pengo moja la upande wa kichwani. Donge la udongo lilikatika likaingia ndani, na nyuma yake ukafuata mchanga, mwingi kiasi cha kujaza kiganja. Nilikuwa nimesimama juu yake. Niliuona ulipoangukia. Mzee Kombo akapachika donge jingine haraka, na watu wakaanza kufukia. Nami nikainama nikachukua konzi zangu tatu za mchanga nikatia, kama watu wote.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilibaki barazani kwako wageni walipotawanyika. Bi Mwanaisha alikuwa ameshaingia eda, akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia. Unajua wanawake hawaji makaburini, kila wanachokijua wanakijua kwa kuambiwa. Alinishukuru. Alinishukuru kwa viunza! Alisema alipoambiwa mimi ndiye niliyekata, moyo wake ulitulia. Halafu akauliza, "Shemegi, alifunikwa vizuri?" Nikamjibu, "Vizuri, shemegi. Vizuri sana."

Hiyo "sana" imenila zaidi ya yote.

Wiki zilizofuata niliulaumu msumeno. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami nilisingizia nati, nikasingizia mota, nikakusingizia wewe kwa kuvumilia takataka ile miaka yote. Siku moja nikajifungia ndani, nikauwasha, nikachukua ile nyundo yako ya mti, nikamgonga imamu nyuma. Ko, ko. Nikakaza, nikapasua ubao. Ukatoka sawa, sawa kabisa. Nikapasua wa pili, wa tatu. Nikakaa chini katikati ya unga nikalia kwa sauti, na Bi Kazija wa ghorofani akagonga sakafu yake kwa fimbo akidhani nimekatika mkono.

Ndipo nilipoamua kununua mwingine. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini, na mimi jibu ninalo, ila si la kujivunia. Nilitaka msumeno ambao hauhitaji kujuliwa. Nilitaka chuma ambacho mjinga yeyote mwenye machozi akikishika, mbao zitakutana.

Nikaenda Darajani kwanza. Duka lile la vifaa limejaa misumeno ya meza siku hizi, ya rangi ya machungwa, myepesi, inapendeza kama vitu vya watoto vya sikukuu. Muuzaji akanihubiria nguvu za mota. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, kwamba mota mbovu unaweza kuibadilisha, ila meza mbovu na imamu mbovu utakufa navyo. Nikamwambia amfunge imamu akaze awezavyo. Akakaza. Nikaweka kidole changu kidogo, hiki cha mwisho, kwenye mkia wake, nikasukuma. Ukasogea. Yule bwana akacheka, "Sasa mzee, nani atakuja kuusukuma kwa kidole?" Nikamwambia, "Ubao." Nikapiga kiganja juu ya meza, bati likalia. Nikamuaga.

Nikazunguka hivyo karibu mwezi. Mmoja Mwanakwerekwe ulikuwa na imamu mzuri, lakini nilipoishika diski nikaitikisa, mhimili wake ukacheza, na mhimili unaocheza unakata njia pana na kuchoma mbao. Mwingine ulikuwa mzima isipokuwa walishang'oa kile kisu cha nyuma ya diski kinachozuia ubao usibane na kukurukia tumboni, wakaniambia hakina kazi. Uliwahi kunionyesha kovu lako. Nikaondoka. Kila nilipokataa msumeno nilijiona mjuzi, na kila nilipojiona mjuzi nilikumbuka kwamba ujuzi wote huu nilikuwa nao masikioni siku ile ya Jumamosi.

Halafu mtu akanitajia hoteli moja Bwejuu inayofunga karakana yake. Nikaenda. Fundi wao ni mtu wa makamo, mtaratibu, anauza kwa huzuni, na hilo lilinipa imani. Meza ni chuma cha kumiminwa, nilipoigonga haikulia, ilinyamaza. Nikalaza rula ya chuma kwa mapana na kwa pembe, sikuona mwanga chini yake. Nikalitia chaki jino moja la diski, nikapima kutoka jino hilo mpaka kwa imamu, mbele. Nikaizungusha diski mpaka jino lilelile likafika nyuma, nikapima tena. Sawasawa. Nikamfunga imamu, nikamsukuma mkia kwa kidole kidogo, kisha kwa kiganja, kisha kwa goti. Yule fundi alinitazama kama mwendawazimu. Nikamwambia, "Mwenzangu alikuwa Mtumbatu, alinifundisha nisimwamini mtu." Akacheka. Nami kidogo nicheke.

Tukauwasha. Mvumo mmoja, hautetemeki. Nikapasua ubao katikati, nikageuza nusu moja kichwa chini, nikazibana pamoja, nikaziinua juu kuelekea jua.

Hakukupita hata uzi wa mwanga.

Nikaziweka chini nikaenda kusimama nyuma ya kibanda. Yule fundi hakunifuata. Nadhani alidhani ni bei.

Kuuleta mjini ndiko kungekufurahisha. Gari iliishia barabarani, tukaupakia kwenye rikwama, wanaume wanne, na vichochoro vyetu unavijua. Kwenye ile kona nyembamba ulikwama, ukakwangua chokaa ya nyumba ya watu. Bi Kazija akatoa kichwa dirishani, kanga kichwani, akapiga kelele mtaa mzima usikie, "We Pandu! Umenunua msumeno au umenunua meli?" Nikamwambia, "Meli, Bi Kazija, nakuja kukuchukua." Akasema, "Nichukue upesi, n'shachoka kukungoja!" Watu wakacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mtaani tangu uondoke.

Akachukuliwa upesi kweli. Hakumaliza mwezi, Mungu amrehemu, alilala adhuhuri hakuamka. Wakaja kwangu kwa viunza. Sasa nilijua la kufanya. Nilivaa kofia, nikapiga bismillahi, sikuzungumza na mtu. Nikazikata, nikazilaza chini zote, nikazitazama, nikazifunga moja kichwa huku, moja kichwa kule, ijapokuwa hazikuhitaji. Makaburini nikasimama juu. Zilikutana zote, Vuai. Zilifunga kama kifuniko cha sanduku. Mzee Kombo alikuwa ameshakanda udongo wake akautazama hauna pa kwenda, akainua kichwa akaniambia mbele za watu, "Fundi, leo umeninyima kazi." Na watu wakanitazama wote, kama nilivyoogopa wangenitazama siku yako, na nyuso zao zilikuwa za wema.

Nilidhani siku hiyo itanipunguzia. Nilijiambia ndiyo maana ya kutafuta msumeno mzuri, ukatende kwa mwingine ulilokosa kwa mwenzio. Ni uongo. Ilinionyesha tu jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Nimempa Bi Kazija, aliyekuwa akinigongea fimbo, kitu nilichokunyima wewe. Msumeno huu utakata sawa mpaka nife, na hakuna ubao utakaoukata utakaofika kwako. Kwetu Makunduchi mtu mwenye jambo na mwenziwe humtafuta siku ya mwaka mpya wetu, wakapigana kwa migomba, jasho likatoka, yakaisha. Mimi nitampiga nani?

Eda ya Bi Mwanaisha ilimalizika juzi. Nikaenda Bububu. Nilijizoeza maneno njia nzima. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anachambua mchele, Haji yuko uani. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia yote. Imamu, nati, kandambili, mbao nane, pengo, mchanga. Neno geuzeni. Nikamwambia niliona aibu. Nikamwambia ile siku ya tatu nilisema uongo.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua, shemegi. Ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza." Akatoa chuya moja akaiweka pembeni. Akasema, "Na Haji n'likuwa nshamuuliza, naye alikuwamo ndani. Akanambia vizuri. Vizuri sana. Neno lenu moja, wewe na yeye." Nikamtazama Haji kule uani. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Kwa hiyo aliuona mchanga, naye alikuwa karibu kuliko mimi, na amelibeba jambo hili vilevile miezi yote hii, kijana wa watu, kwa ubao wangu.

Halafu mkeo akauweka ungo chini, akaniuliza, "Mchanga ulimwangukia wapi?"

Sikutaka kusema. Akauliza tena, polepole. Nikamwambia. Usoni, shemegi. Shavuni, la juu. Akainua mkono akashika shavu lake mwenyewe, la kushoto, akalikinga kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Mwisho akaniambia, bila ya hasira, "Nenda sasa. Usije mpaka n'kuite."

Hajaniita, na sidhani ataniita.

Basi ndiyo hali yangu, Vuai. Karakana iko wazi, msumeno unakwenda sawa, kazi ipo kidogo, na mimi nimepungukiwa watu wawili, wewe na mkeo. Sikuombi radhi kwa sababu huna namna ya kunijibu, na radhi isiyojibiwa najua nitajipa mwenyewe. Nakuahidi jambo moja tu, na ni dogo, na limechelewa. Kila kaburi nitakalosimama juu yake, la mtu yeyote, ubao wa fundi yeyote, nikiona pengo nitasema. Wanitazame, wacheke. Nitasema geuzeni kwa sauti ambayo hata aliyelala chini angeisikia.

Lala, sahibu yangu. Wewe uliyezikutanisha mbao za watu wote.

Pandu
Mkunazini